MBWA HUYU NI WA NANI?

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, na mwenzetu aliyesoma hapa kuanzia 1995 hadi 1998, ambaye sasa ni Daktari wa Mifugo katika utumishi wa serikali.)



Katibu wa Chama aliponiandikia kuniomba nizungumze katika mkutano huu, alitaka niseme juu ya nafasi ya mtumishi wa umma katika maendeleo ya taifa. Nilimjibu kwamba jambo hilo lina wasemaji wanaolijua kuliko mimi, na wengi wao wameketi safu ya mbele. Nikamwomba ruhusa niseme juu ya mbwa. Alikaa kimya wiki nzima, nadhani akihisi kwamba namfanyia mzaha. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba nisizidi nusu saa, wala nisieleze mambo ya kutapisha kabla ya chakula. Nitajitahidi.

Kazi yangu ni ya mifugo. Niliajiriwa nihudumie ng'ombe, mbuzi na kuku, na hao ndio wanaotajwa katika bajeti. Lakini mtu anayenigongea mlango usiku, au anayenisimamisha sokoni nikiwa na kikapu mkononi, mara nyingi hana shida ya ng'ombe. Ana shida ya mbwa. Na mbwa mwenyewe si wake, ni wa jirani. "Daktari, mbwa wa fulani anabweka usiku kucha, sheria inasemaje?" "Daktari, mbwa wa fulani amemla bata wangu, nani alipe?" Nami nikienda kwa huyo fulani, jibu la kwanza ninalopewa, kabla hata ya kukaribishwa kiti, ni hili: "Huyo mbwa si wangu. Huja tu hapa."

Jibu hilo nalijua vizuri. Nililitoa mimi mwenyewe, kwa kunyamaza, katika uwanja ule pale nje, mwaka 1996.

Tuliokuwa pamoja wakati huo mtamkumbuka Kamanda. Alikuwa mbwa mwekundu, sikio moja limekatika, aliyekuja hapa hatujui kutoka wapi na kufanya makao yake nyuma ya jiko. Alikula ukoko wa ugali na maharage yaliyobaki. Usiku alilala barazani mwa bweni letu, na mwizi aliyekuwa akituchukulia mashuka kambani akaacha kuja. Tulimpenda. Siku za michezo kila bweni lilidai kuwa Kamanda ni wake, maana alikuwa akiifuata timu mbio pembeni mwa uwanja kama mshika kibendera. Lakini hakuna aliyempeleka kuchanjwa, wala hakuna aliyefikiri kwamba mbwa huchanjwa. Alikuwa mali ya umma, na hali ya mali ya umma mnaijua.

Jumamosi moja alimwuma mguuni mtoto wa mpishi, kijana wa miaka sita hivi. Jioni ile kengele ikalia, tukapanga mistari, na mwalimu wa zamu akauliza mara tatu: "Mbwa huyu ni wa nani?" Wavulana mia tatu na zaidi tukatazama miguu yetu. Mimi nilikuwa nimempelekea Kamanda ukoko asubuhi ileile, naye hakuula. Nilijua jambo ambalo mwalimu hakulijua: kwamba tangu siku mbili zilizopita mbwa yule alikuwa amebadilika, anajificha chini ya tangi la maji, na ukimwita kwa jina lake anakutazama kama mtu asiyekufahamu. Tulidhani amepigwa na mtu. Sikusema. Niliogopa kwamba atakayesema ndiye atakayeambiwa alipe.

Kamanda akapigwa marungu mpaka akafa, akafukiwa katika shimo la takataka. Muuguzi mmoja mzee wa zahanati alimsisitiza mpishi asingoje hata siku moja, naye akauza baiskeli yake ili ampeleke mtoto hospitali ya mkoa kwa sindano. Mtoto akapona, au tuseme hakuugua. Kama mbwa yule alikuwa na kichaa au hakuwa nacho, hakuna atakayejua, maana ushahidi ulifukiwa pamoja naye. Mpishi aliendelea kutupikia, akija kwa miguu kilomita 6 na kurudi kilomita 6, mpaka nilipomaliza Kidato cha Nne. Hatukumchangia hata senti moja. Nimeanza na habari hiyo ili msije mkadhani kwamba nimesimama hapa kuwashtaki wengine.

Nilipofika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, ndipo nilipofundishwa lile ambalo lingefaa kufundishwa hapa Kidato cha Kwanza. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate. Huingia penye jeraha, kisha hupanda pole pole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja, na yaweza kuwa mwaka. Katika muda huo mtu hana dalili yoyote, na huo ndio muda wenyewe wa kumwokoa. Akishaanza kuogopa maji na kuweweseka, madaktari hubaki kumpunguzia maumivu tu, kwani karibu wote waliofika hapo hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka, walio wengi katika Asia na Afrika. Na katika kila watu 100 wanaokufa, 99 waliambukizwa na mbwa, si na fisi wala popo. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayedhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Jambo la kushangaza ni kwamba kinga yake si kitu kipya. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, huko Paris tarehe 6 Julai 1885, baada ya kuumwa na mbwa mara nyingi, na mtoto yule akaishi mpaka akawa mtu mzima na kuwa mlinzi wa lango la taasisi yenye jina la Pasteur. Tumekuwa na dawa kwa miaka zaidi ya 130, na bado watoto wanakufa.

Basi wadogo zangu, shikeni haya, hata kama mtasahau mengine yote. Ukiumwa na mbwa, au hata ukikwaruzwa tu, osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani, tazameni saa. Usipake mafuta ya taa, wala pilipili, wala unga wa betri, wala dawa ya meno. Kisha nenda hospitali siku ileile. Sindano za siku hizi hupigwa begani, si zile za tumboni mlizosimuliwa na bibi zenu, ila itakubidi urudi kila siku uliyopangiwa bila kuruka.

Na mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira kama tulivyomfanya Kamanda. Kama anaweza kufungiwa mahali pa salama, afungiwe, atazamwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku alipouma, hatamaliza siku hizo akiwa mzima. Akimaliza salama, daktari anaweza kumwachisha mgonjwa sindano zilizobaki. Akifa, tuiteni sisi watu wa mifugo tuchukue kichwa kipimwe maabara. Lakini aliyeumwa asingoje matokeo hayo. Aanze matibabu kwanza.

Sasa niwape habari ya pili, na hii ni ya kazini. Sitakitaja kijiji. Ilikuwa 2009, nami nilikuwa mgeni katika wilaya ile. Binti mmoja wa Darasa la Tatu alitumwa dukani, akaumwa mkononi na mbwa njiani. Jeraha halikuwa kubwa. Baba yake akaenda nyumba tatu ambazo mbwa yule alikuwa akionekana akila, akauliza, na nyumba zote tatu wakamjibu kwamba si wao, huja tu hapo. Akarudi nyumbani. Hospitali ilikuwa mbali na nauli haikuwepo. Jeraha likafungwa majani, likapona. Wiki saba baadaye binti alipewa chai asubuhi akaisukuma, koo likambana. Waliniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, na kwao daktari ni daktari. Nilitambua tangu mlangoni. Tulimpakia katika gari la kijiji mpaka hospitali ya wilaya, akafa siku ya tatu.

Usiku wa matanga akanifuata mtu mmoja nyuma ya nyumba, mwenye moja ya nyumba zile tatu. Akaniambia kwamba mbwa alikuwa wake. Kwamba mbwa yule alikufa siku ya pili baada ya kumwuma mtoto, akitokwa na mate, naye akamtupa porini gizani ili watu wasimwone. Hakuwa mtu mbaya. Nilimjua baadaye, na alikuwa mtu wa kusaidia wenzake katika kila msiba. Aliogopa kudaiwa mbuzi. Akaniuliza kama angelisema siku ile kwamba mbwa amekufa, ingalikuwaje. Nami nikamwambia ukweli: baba wa mtoto angeliuza chochote akampata nauli.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa juu ya mbwa, la kwanza nauliza ni wa nani.

Najua kuna watakaosema: mambo haya ya kumtunza mbwa, kumwandika jina, kumpa kadi, ni mambo ya Wazungu. La hasha. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwindaji. Alikuwa na mbwa wawili, kila mmoja ana jina lake, na nyama ilipogawanywa nao walikuwa na fungu lao. Kijiji kizima kilijua ni mbwa wa nani. Mbwa mmojawapo akimla kuku wa mtu, mwenye kuku hakuwa na haja ya kuja kuuliza, maana babu alikuwa amekwisha kumpelekea kuku mwingine. Tulichoiga mjini ni kuwa na mbwa bila kuwa na jirani.

Kuna watakaosema pia: kwa nini serikali isiwaue mbwa wote wanaozurura, tukamaliza kazi? Hilo nalisikia katika kila mkutano wa kata. Katika kisiwa cha Flores, huko Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 1997 waliua mbwa kwa maelfu, na ugonjwa haukuondoka. Sababu yake mtaielewa mara moja. Watu huwaficha mbwa wao, huwahamishia kwa ndugu, na pamoja nao huhamisha ugonjwa. Na nafasi ya mbwa aliyeuawa huchukuliwa na mwingine mchanga asiye na kinga. Mexico ilifuata njia ya kuchanja. Mwaka 1990 watu 60 walikufa nchini humo kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa. Mwaka 2019 ikathibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza iliyokomesha vifo hivyo. Lakini kwa nini niende mbali? Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena, kwa kuwa kinga ilikuwa imelegea. Wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umekatika. Si lazima kumpata kila mbwa. Wakichanjwa 70 katika kila mbwa 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Ila mbwa wetu huzaliwa wengi na hufa upesi, kwa hiyo hesabu hiyo hushuka kila mwaka, na kila mwaka hapana budi kurudia.

Niliahidi pia kujibu yale maswali madogo ya kila siku, na Katibu ananitazama saa yake, basi nitayapitia mbio.

Je, mbwa akilishwa pilipili huwa mkali? Pilipili humpa mbwa tumbo la kuendesha, na mbwa anayeharisha halindi nyumba.

Je, mbwa dume akihasiwa huacha kulinda? Hapana. Kulinda kwake ni kwa sababu ameizoea nyumba na watu wake. Anachoacha ni kuruka ukuta kufuata majike mtaa wa tatu, ambako ndiko anakoumana na wengine na kurudi na magonjwa. Na anayefuga jike ajue kwamba mimba yake ni ya siku 63 hivi, na kwamba aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Asiyetaka watoto hao aje mapema, jike naye hufungwa kizazi. Maboksi ya watoto wa mbwa wanaoachwa sokoni alfajiri nimeyaokota ya kutosha, na sitaki kueleza zaidi kabla ya chakula.

Je, mbwa afungwe au aachwe? Hapa watu hugombana sana, na kila upande una kosa lake. Anayemwacha azurure amewabebesha majirani mzigo wake. Lakini yule anayemfunga mnyororo wa mita moja tangu akiwa mdogo, juani, sufuria ya maji imepinduka tangu jana, naye hafugi mlinzi. Mbwa wa namna hiyo hajui mgeni ni nani na mwenyeji ni nani, na siku mnyororo unapokatika anayeumwa kwanza ni mtoto wa nyumba ile. Ajengewe banda lenye kivuli, akae humo mchana. Usiku aachiliwe ndani ya ua uliofungwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mwenye mbwa asidhani kwamba iliandikwa kwa ajili ya punda tu.

Vipi habari ya jirani Mwislamu? Nimekaa pwani miaka minne, na nimesuluhisha kesi hizi nyingi. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kumshtaki jirani yake aliniambia kwamba yeye hana ugomvi na yule mbwa hata kidogo. Ana ugomvi na lango ambalo halifungwi. Tulinunua komeo, kesi ikaisha.

Na kwa ninyi mnaotoka sehemu za wafugaji: mkichinja, msimtupie mbwa maini au mapafu yenye malengelenge ya maji. Humo mna minyoo michanga, nao wakikua tumboni mwa mbwa huyarudisha mayai yao kwetu kupitia kinyesi chake, na uvimbe wake ndani ya mtu huondolewa kwa kisu cha daktari. Yachomeni au yafukieni chini sana.

Namalizia na jambo la hapa shuleni. Jana nilipofika nilipita nyuma ya jiko, nikakuta mbwa watatu wamelala chini ya tangi la maji, tangi lilelile. Nikamwuliza mhasibu wa shule ni wa nani. Akanijibu, "Ni wa hapa hapa."

Baada ya hapo nikaenda njia panda, ambako yule mtoto wa mpishi sasa ana gereji yake, mtu mzima mwenye watoto wanne. Nikamweleza habari ya ukoko ambao haukuliwa, miaka yote hii baadaye. Akafuta mikono kwa kitambaa, akacheka, akasema kwamba marehemu baba yake alijua tangu siku ile kuwa mbwa alikuwa wetu. Alichongoja ni mmoja wetu amwambie. Nilimlipa baiskeli. Hakutaka kuipokea, tukabishana, mwishowe akaipokea kwa ajili ya mtoto wake anayesoma mbali.

Basi kesho Jumapili, saa nne asubuhi, baada ya ibada, tutachanja mbwa katika uwanja wa mpira, mimi na mwenzangu wa wilaya hii. Chanjo imekwisha kufika, iko katika barafu. Mwenyekiti wa kijiji ametangaza, na mwenye gereji ameahidi kuleta mbwa wake wawili. Watoto wa mbwa nao waletwe, hata wachanga. Kila mbwa atapewa kadi, na katika kila kadi pana mstari wa jina la mwenye mbwa. Siwezi kuandika "hapa hapa" katika mstari huo. Kwa wale watatu wa jikoni nimemwomba Mkuu wa Shule, naye atakutana na viranja leo usiku baada ya maandalio, wanipe jina la mtu.

Atakayekuja na mbwa aje na kamba, si waya, na mtoto asimlete mbwa bila mtu mzima.